Kivuli Ulichokitaifisha

Baba Rehema wangu,

Nimetoka eda. Kwenye hitima yako pilau lilitosha, na waliokula sana ni wale waliokusema sana.

Nakumbuka asubuhi ile nilipokuletea uji kazini, pale hospitali, tumbo la Rehema likinitangulia. Nikaketi kwenye benchi la wagonjwa, nyuma ya chumba chako cha eksirei, penye kivuli. Ukatoka mbio: "We mwanamke, ondoka hapo." Mbele za watu. Nilikununia, jioni ukala ugali wako peke yako.

Baadaye ukanieleza taratibu. Mionzi ya mashine haiishii kifuani mwa mgonjwa. Inapita, inaufuata ukuta na kutokea upande wa pili. Chumba kilikuwa stoo, ukuta wake mwembamba, na bati la madini ya risasi la kuukinga uliliomba mpaka ukachoka. Waliogeuza stoo walipima mlango, mashine ipite. Hawakujiuliza asubuhi kivuli kinaangukia upande gani, na mgonjwa wa Tabora hufuata kivuli kama kuku afuatavyo mchele.

Ulihamishia benchi juani, wagonjwa wakalirudisha. Ndipo ukapanda mikonge ukuta mzima, miiba ikiwasubiri matakoni. Mzee mmoja wa Ntalikwa akakuuliza, "Ndugu, mabenki mmeshachukua, sasa na kivuli nacho mmekitaifisha?"

"Ndiyo, mzee wangu. Kwa faida ya umma."

Hata waliokuwa wakikohoa walicheka.

Ila wewe, humo ndani, hukuwa na wa kukupandia mkonge. Daktari alisema damu yako imekwisha. Hakusema imekwishaje.

Leo nimepita hospitali. Kumbe nilipokuwa eda palikuwa na msaragambo wa usafi, maana mgeni mkubwa anakuja, wakaing'oa mikonge yote. Uwanja unapendeza. Mashine inaendelea na kazi, benchi limerudi kivulini, na juu yake binti mjamzito anamenya chungwa. Nikamwinua, nikaliburuta benchi juani.

"Ujane umemchanganya," mgonjwa mmoja akasema.

"Wapi. Uchoyo wa kivuli ni wa nyumba nzima," akajibu mwenzake.

Maneno kama hayo ulikuwa ukiniletea nyumbani kila jioni, tukicheka. Nimeyapokea kama salamu zako.

Mwandiko usiulaumu, wala kisomo cha watu wazima. Ni vidole, vimechomwa na miche ya mkonge niliyoichimba shambani kwa ajili ya ukuta wako.

Pumzika kivulini, Baba Rehema. Huko ukuta hauna mashine nyuma yake.

Mimi uliyenifukuza benchini,
Mama Rehema