Jirani Aliyenizuilia Damu

Kericho,
Agosti 1996

Mama mpendwa,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na mguu uliokuwa ukikusumbua umepata nafuu. Wasalimie wote hapo Ndanai, na uniambie kama yule ng'ombe mwekundu ameshazaa. Mimi naendelea vizuri sasa, ingawa mwanzoni mambo hayakuwa hivyo.

Ulisikia kwamba nilipasuliwa sainasi, yale matundu ya ndani karibu na pua, kwa ajili ya pua iliyoziba tangu nianze kazi kwenye vumbi la chai kiwandani. Upasuaji ulienda salama. Daktari aliniruhusu kurudi nyumbani, akanionya nisipenge kamasi, nisiiname, nisibebe kitu kizito, na nikipiga chafya niache mdomo wazi.

Kwa siku chache nilitii. Halafu asubuhi moja maji yaliniishia, nikaenda mferejini. Nilipoinua ndoo, nilisikia kitu kikifunguka ndani ya pua. Damu ilishuka puani na kooni kwa pamoja. Nikainua kichwa juu kama tunavyofanya nyumbani, nikaanza kusongwa.

Jirani aliyekuwa akifua hapo aliacha nguo zake. Alinikalisha kwenye jiwe, akaniinamisha kichwa mbele, akanibana sehemu laini ya pua kwa vidole vyenye sabuni.

"Pumua kwa mdomo," akasema. "Ikija kooni tema, usimeze."

Aliagiza watu waombe gari la kiwanda, na yeye hakuniachilia. Damu ilipungua lakini haikukoma, kwa hiyo alipanda nami mpaka hospitali. Huko nilijazwa bandeji puani. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, ningefika nimezirai.

Tangu hapo nakaa kwake. Tangu bandeji itolewe, huchemsha maji, akayatia chumvi, akayaacha yapoe, nami nasafishia pua. Chai hunipa ikiwa vuguvugu, na usiku naegemeza kichwa juu ya mito yake. Juzi nilisikia harufu ya majani mabichi kutoka kiwandani. Nilikuwa nimeisahau.

Mama, jirani huyo ni Syprose, mama yake Phelix. Ndiye uliyenikataza kukanyaga mlango wake tangu mapigano ya mwaka ule kati ya kabila letu na lao. Nilimweleza maneno yako. Alisema anayajua, na kwamba hata yeye alikuwa amemkataza Phelix asije kwangu. Sasa amemruhusu. Phelix, ambaye tumependana muda mrefu, ameniomba tuoane, na nimekubali.

Sijui utasema nini. Nimeona afadhali uisikie habari hii kwangu kuliko kwa watu.

Nisalimie baba na Kiplimo. Ukija kuniona, usiende nyumbani kwangu, kumefungwa. Uliza kwa Syprose, mlango wenye pazia la buluu. Amesema atachinja kuku, na hatakuuliza kwa nini ulikawia.

Ni mimi binti yako,
Dorcus Chepngetich