Laini ya Setilaiti Iliyofunguliwa kwa Mwali

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha polisi, Jeddah. Jumanne, tarehe 15 Aprili.
Jina: Velma Adhiambo Omolo
Umri: Miaka 36
Uraia: Mkenya
Kazi: Mhandisi wa mawasiliano
Makazi: Malaz, Riyadh
Lugha: Kiswahili, kupitia mkalimani Rispah Chebet

Nimekuja kutoka Riyadh kwa hiari yangu. Sikuitwa. Nilisikia kwamba Nurdini Mmadi amewekwa ndani kwa kosa la kuiba namba ya idhini ya kampuni yetu. Namba hiyo nilimpa mimi.

Nafanya kazi Olaya, mjini Riyadh, katika chumba cha kusimamia mitambo. Nurdini ni mhandisi mwenzangu kwenye kituo cha setilaiti nje ya Jeddah. Ni Mkomoro wa kisiwa cha Mwali, lakini alisomea Zanzibar, ndiyo maana tunaongea Kiswahili. Kwa miaka minne tuliyofanya kazi pamoja tumeonana uso kwa uso mara mbili tu. Mengine yote ni simu. Kubadilisha matumizi ya chaneli ya setilaiti kunataka watu wawili. Wa Jeddah anaelekeza mtambo, wa Riyadh anatoa namba ya idhini. Mmoja peke yake hawezi.

Kampuni ilikuwa na mkataba na visiwa vya Komoro: mkongo wa baharini ukikatika, simu zao zinapitishwa kwenye setilaiti mpaka utengenezwe. Mkataba uliisha mwezi wa pili, na mpya ulikuwa bado haujasainiwa. Mitambo ya upande wa Mwali ilikuwa haijaondolewa.

Mnamo Ijumaa, tarehe 11 Aprili, niliingia shifti ya asubuhi na mwenzangu Wesley Kiprono. Tulijua kuna kimbunga upande wa Komoro. Saa nne na nusu mkongo ulikatika, Mwali ikapotea kwenye skrini. Kisiwa kizima hakikuwa na simu wala intaneti. Kabla ya saa sita Nurdini alinipigia. Alisema ofisi ya maafa ya Moroni, mji mkuu wa Komoro, imempata kwa simu ya setilaiti, na kwamba kimbunga kimegeuka. Bahari itapanda upande wa kusini wa Mwali kabla ya jua kutua. Siku iliyotangulia watu wa huko walikuwa wameambiwa kitapita mbali. Hawakuwa na njia ya kujua kwamba kimegeuka.

Aliniomba idhini ya chaneli moja, ndiyo pekee iliyoweza kufika kule. Ilikuwa imekodishwa na mteja wa televisheni kuonyesha mbio za ngamia mchana ule. Nilimwambia siwezi bila meneja. Nikampigia meneja wetu, Bwana Saad. Ilikuwa saa ya sala ya Ijumaa na simu yake ilikuwa imezimwa. Nilimtumia ujumbe. Nikampigia msaidizi wake, naye hakupokea.

Wesley aliniambia, "Velma, ukinyang'anywa ikama, ukose kibali cha kuishi hapa, nani atakurudishia?" Hakusema kwa ubaya. Ana watoto watatu Eldoret wanaomtegemea. Alichukua koti lake akasema anaenda kula, ili akiulizwa aseme hakuona. Sikumlaumu siku hiyo, na leo simlaumu.

Nurdini alikuwa bado kwenye laini. Hakuwa amepaza sauti hata mara moja. Alisema, "Dada Velma, sikulazimishi. Ukikataa, una haki. Lakini kataa sasa, nitafute njia nyingine."

Nilimuuliza kama njia nyingine ipo.

"Hakuna," alisema.

Nilimsomea namba, tarakimu moja moja, na yeye akairudia. Hakuiiba. Hakunidanganya wala kunitisha. Naomba hilo liandikwe vilevile nilivyolisema.

Mwali ilirudi kwenye skrini muda mfupi baada ya saa saba. Tahadhari ya ofisi ya maafa ikaanza kuingia kwenye simu za watu. Nurdini alimpigia Mwalimu Echati, mwenyekiti wa kamati ya maafa ya kijiji chao, nami nilibaki nikisikiliza kuhakikisha sauti inapita. Waliongea Kikomoro. Kinakaribiana na Kiswahili, kwa hiyo nilikamata kama nusu. Alimwambia watangaze kwa kipaza sauti cha msikiti, wawapandishe watu kwenye shule iliyo kilimani, wasingoje mtu apakie vyombo. Habari ya wazee aliirudia. Mwisho mwalimu alimuuliza kama amwitie mama yake, na hilo nililielewa lote. Mama yake anaishi hapohapo kijijini, karibu kabisa na maji, na miguu yake haina nguvu.

"Baadaye," Nurdini alisema. "Wapandishe watu."

Ilipokaribia saa nane Bwana Saad alipiga. Mteja alikuwa amelalamika kwamba picha imepotea. Nilimweleza yote. Niliomba nusu saa tu. Alisema chaneli si yake hata aigawe, halas, irudishwe. Nurdini aliirudisha kwa mkono wake mwenyewe bila kubishana. Jioni ile mnara wa simu wa Mwali uliangushwa na upepo.

Jumamosi Nurdini aliitwa ofisini, akakabidhiwa kwa polisi. Nimeambiwa ameulizwa tena na tena nani alimpa namba, na kila mara anajibu kwamba aliipata mwenyewe. Huo ni uongo. Katika miaka yote minne sijamsikia akisema mwingine.

Jana Mwalimu Echati alinipigia kwa simu ya setilaiti ya watu wa msaada. Simu ya Nurdini ilikuwa haipokelewi, ofisi ya Moroni ikampa yangu. Alisema bahari ilifika mlangoni mwa msikiti, na nyumba zote za chini zimekwenda. Watu walikuwa wameshapanda, isipokuwa mzee mmoja na mkewe waliorudi kufuata mbuzi wao. Wamezikwa Jumapili. Mama yake Nurdini alikataa kutoka, basi jirani zake waling'oa mlango wake mwenyewe wakambeba juu yake kama machela. Ana homa, lakini anakula.

Nurdini hajui kama mama yake yuko hai. Niliomba kumwona, nikaambiwa shahidi haruhusiwi. Basi namwomba afisa amwambie. Namba aliyonipigia Mwalimu Echati nimeiacha hapa mezani.

Nimeulizwa kama naelewa kwamba maneno haya yanaweza kunikosesha kazi na ikama. Naelewa. Nimeulizwa kama ningefanya tena. Ningempigia meneja kwanza, kama nilivyofanya. Asipopokea, ningesoma namba.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyatenda. Nimesomewa yote kwa Kiswahili, nami nayakubali kuwa yangu.

Sahihi: V. A. Omolo

Maandishi ya afisa, yaliyotafsiriwa na mkalimani: Shahidi ametoa maelezo kwa utulivu na bila kushurutishwa. Ameruhusiwa kurudi Riyadh, na atapatikana akihitajika. Shtaka la wizi wa namba limerudishwa kwa mwendesha mashtaka liangaliwe upya. Shauri la chaneli ya mteja bado lipo. Ombi la mwisho la shahidi halihusu upelelezi. Namba iliyoachwa niliipiga kwa simu yangu, mtuhumiwa akiwa ameketi mbele yangu. Ilipokelewa na mwanamke mmoja, kisha simu akapewa mwanamke mwingine mwenye sauti ya uzee. Mtuhumiwa aliongea naye kwa lugha yao. Sikuagiza yatafsiriwe, na sikuyaandika.