Ofisi Ilivyoshuka Ngazi

Dada Zuhura, shikamoo, na nibusie mama mikono yote miwili!

Ndoa tamu, dada! Nairobi ni baridi na manyunyu, lakini mimi nacheka hata nikikuna nazi. Sasa sikia alivyofanya shemeji yako Salim jana. Chuma cha mguu wake uliopooza kililegea, tukaenda hospitali. Fundi wa vyuma yuko chini, ila hagusi kitu bila kadi, na kadi hutolewa ghorofani! Mara mbili Salim alishindwa kupanda, akarudi bure. Jana akaketi kwenye ngazi ya kwanza. Nami na hina yangu ya harusi nikaketi ubavuni pake. Mama mmoja wa Kisumu aliyebeba mwanawe mgongoni akasema, “Haki, bibi harusi anakaa chini, mimi nisimame kama nani?” Akaketi. Wenye magongo wote wakaketi, ngazi ikajaa.

Karani akachungulia kutoka juu. “Nyinyi mnangoja nini?”

“Twangoja ofisi ishuke, bwana,” Salim akajibu kwa adabu zote.

Ilishuka, dada! Karani alibeba meza mwenyewe huku tukipiga vigelegele, na daktari akaamuru ibaki chini siku zote. Chuma kimekazwa. Jioni tuliposhuka basi hapa kwetu Uthiru, Salim alitangulia mbio, mimi nyuma nahema, “Pole pole, mume wangu!”

Mungu awape nyote nyumbani raha kama hii yangu.

Mdogo wako akupendaye,
Mwanaidi