Chokoleti ya Ka Ising

Lipa, Batangas
9 Mei 1994

Kumpare Amado,

Habari za huko jangwani? Kifua kimetulia, au bado unakohoa kama lori la mchanga? Mimi mzima kama jogoo wa mashindano, goti tu ndilo linajifanya limezeeka kabla ya mwenyewe.

Uliniagiza nimkague mchumba wa binti yako Lualhati kwa niaba yako, kwa kuwa mimi, kumpare wako, ndiye msimamizi wake wa ubatizo na wewe uko Dammam unachomelea mabomba. Kazi imekwisha. Na umemwagiza mtu anayejua: nimekula Rotterdam, nimekula Santos, nimekula Mombasa nyama ya kuchoma hadi baharia mwenzangu akalia. Mtu akishika kijiko tu mbele yangu, namjua hadi babu yake.

Jana tukamketisha mkahawani kwa Ka Ising, mimi na rafiki yetu Tibo. Lualhati alikuwa bado zamu hospitalini. Kijana anaitwa Reuben Catapang. Mama yake ni wa hapa hapa Batangas, lakini yeye kazaliwa Australia, na Kitagalog chake kinachechemea kama goti langu. Kabla ya kula akafumba macho akasali, sala ndefu, wali ukapoa.

"Haya, Reuben," nikamwambia, "chakula chetu unakionaje? Sema kweli. Mzungu mmoja melini aliniambia chakula cha Kifilipino chote ni rangi ya udongo."

"Ukamjibu nini, Ninong?" Ameshaanza kuniita Ninong kama Lualhati, kumpare! Nikayeyuka.

"Nikamwambia chake hakina rangi kabisa, kama mwenyewe."

Akacheka. Akasema samaki wa chungu ni mtamu sana, supu ya ukwaju kali mno, na karela, kwa uchungu wake, hataki hata kuiona.

"Karela ni dawa," Tibo akasema.

"Basi nitakula siku nikiugua."

Ka Ising akapaza sauti kutoka jikoni, "Mwambieni huyo mtoto akimaliza kunitukania karela aoshe vyombo!"

Sasa sikiliza. Likaja bakuli la dinuguan, jeusi, linang'aa. Akauliza ni nini. Nami bila kupepesa macho nikamwambia, "Chokoleti. Nyama ya nguruwe kwa chokoleti, Wahispania walituachia." Kumpare, akala mabakuli mawili na vikeki vya mchele! Akasema, "Chokoleti hii ina siki kidogo, lakini sijapata kula kitu kitamu hivi." Tibo bia ikamtokea puani. Lualhati alipofika bakuli lilikuwa tupu, na sisi tunafuta machozi.

Hukumu yangu: anafaa. Mtu anayekula damu ya nguruwe mabakuli mawili akiita chokoleti hawezi kumpiga mke.

Kumpare wako,
Densyo

*

Dammam
30 Mei 1994

Kumpare Densyo,

Salamu nyingi. Kifua hakijambo, joto ndilo linatuua. Msalimie Tibo na Ka Ising.

Barua yako ilifika siku moja na ya Lualhati. Nilianza na yako, nikacheka peke yangu kitandani mpaka wenzangu wakadhani nimepata habari za kurudi nyumbani. Kisha nikafungua ya binti yangu.

Densyo, watu wa kanisa la kina Reuben hawali damu. Hata tone. Wana andiko lao, wanalishika kama sisi tunavyomshika Bikira. Ndiyo maana kijana hakuijua dinuguan: kwao haijawahi kupikwa. Na wazee wao walikuwa wamekataa asioe Mkatoliki. Reuben amewabembeleza mwaka mzima. Lualhati ananiandikia hivi: "Tatay, amewaambia kwamba watu wetu wanaiheshimu imani yake."

Unaona tulipo?

Lualhati ana miaka thelathini na moja. Mama yao alipofariki ndiye aliyewalea wadogo zake. Wachumba wawili walimsubiri wakachoka wakaondoka. Huyu ndiye wa tatu, na hatakuja wa nne.

Kwa hiyo nyamaza. Reuben hajui, basi hana dhambi. Mwache hivyo hivyo. Lualhati naye asijue. Najua mdomo wako, kumpare, hata ukilala hauna mlango. Lakini hili ninakuomba kama ndugu: ufunge. Na Tibo afunge, na Ka Ising.

Kumpare wako,
Amado

*

Lipa
19 Juni 1994

Kumpare,

Unaendeleaje? Sisi huku mvua zimeanza, na mimi silali vizuri, na si kwa sababu ya goti.

Nilipopata barua yako niliketi chini ukumbini mwangu kama mtu aliyepigwa na mlingoti. Haki ya Mungu sikujua. Ningejua kanisa lao halili damu, ningemlisha hata karela. Nimewaambia Tibo na Ka Ising. Ka Ising alinipiga na mwiko. Sufuria la dinuguan lilikuwa motoni. Akalimwaga lote nje.

Basi tumenyamaza. Tatizo ni Reuben mwenyewe.

Amerudi, kumpare! Peke yake, Jumatano, akaketi akasema, "Ka Ising, naomba ile chokoleti." Ka Ising akamwambia imekwisha. Akaja Ijumaa. Imekwisha. Jumapili akaja na vijana wawili wa kanisani kwake, amewasimulia njia nzima. Nikaruka mimi, nikasema kakao mwaka huu imeoza Mindanao. Ninasema uongo vizuri kuliko watu wote wa mtaa huu, unajua, lakini yule kijana ananiangalia machoni na kuniamini.

Sasa mama yake anakuja kutoka Perth mwanzoni mwa Julai kumposa Lualhati rasmi. Na Reuben kanishika mkono akaniambia, "Ninong, mama yangu hajala chakula cha kwao miaka mingi. Nataka siku ya posa kwenye meza kuwe na ile chokoleti. Niombee kwa Ka Ising."

Mama yake kakulia Batangas, Amado. Hata Ka Ising asipopika, kijana atamsimulia tu mamake: nyama nyeusi, ina siki, inaliwa na vikeki vyeupe vya mchele. Ataijua kabla mwanawe hajamaliza sentensi. Na atauliza nani alimlisha.

Barua yako haitanifikia kwa wakati. Nisamehe kwa nitakalofanya.

Kumpare wako,
Densyo

*

Lipa
11 Julai 1994

Kumpare Amado,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi nipo.

Nilimwambia. Nilimwita kwa Ka Ising asubuhi, kabla wateja hawajaingia. Nilikuwa nimeandaa mzaha wa kuanzia, ukanifia mdomoni. Nikasema tu, "Ile haikuwa chokoleti, mwanangu. Ilikuwa damu."

Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga. Akaniuliza, "Siku ile nilifumba macho nikamshukuru Mungu kwa chakula. Mlikuwa mnaniangalia?"

"Tulikuwa tumeshakupenda," nikamwambia. "Hapa kwetu tunamtania tunayempenda. Nisiyempenda hata maji simpi."

"Utani ni wa watu wawili, Ninong. Mimi nilikuwa sijui kama nimo."

Nikachukua kitambaa cha Ka Ising, nikaifuta meza iliyokwisha kufutwa.

Akauliza, "Lualhati alijua?"

"Hapana. Kweli tupu. Hakujua."

"Na baba yake?"

Kumpare, kichwani mwangu nilimwona Lualhati akitembea kanisani siku ya harusi bila wewe. Nikasema, "Hapana. Naye hakujua."

Akamweleza Lualhati, akamweleza mama yake, akaenda kujieleza kwa wazee wake. Wamemsamehe, kwa sababu hakujua. Posa ikafanyika juzi nyumbani kwako. Nilivaa vizuri, nikanyoa, niseme kwa niaba yako kama tulivyopanga. Mama yake Reuben akanitazama mlangoni. "Mzaha huo naujua," akasema, "nimekulia hapa. Sikutegemea utamfika mwanangu. Harusi iendelee, lakini huyu asiseme kwa niaba ya familia."

Nikamgeukia Lualhati. Mtoto niliyemshika kichwa padri akimmiminia maji. Akasema taratibu, "Ninong, nenda nyumbani."

Tibo ndiye aliyesema. Tibo, anayesalimu watu kwa kutikisa kichwa! Lakini alisema vizuri. Harusi ni tarehe kumi Septemba, kwenye likizo yako. Reuben mwenyewe amesema mbele ya wote: "Tatay peke yake hakushiriki. Yeye ndiye atakayemtembeza bibi harusi."

Kwa hiyo wewe umo. Nyamaza hivyo hivyo, kama ulivyoniambia mimi. Safari hii mdomo wangu nimeupigia misumari.

Kumpare wako,
Densyo

*

Dammam
2 Agosti 1994

Kumpare Densyo,

Nakusalimu. Pole kwa yaliyokupata mlangoni kwangu.

Barua yako nimeisoma nikiwa kwenye foleni ya kuoga, nikaacha zamu yangu ikapita. Ulichonifanyia ni kikubwa. Lakini sijaweza kukaa nacho. Nilijaribu. Nikivaa kinyago cha kuchomelea, namwona yule kijana amefumba macho anashukuru. Wewe ulimfanyia hivyo bila kujua. Mimi nilijua, nikaamuru aachwe vivyo hivyo.

Nimemwandikia Lualhati. Nimemwambia nilijua tangu Mei, kwamba mimi ndiye niliyekuziba mdomo, na kwamba ulidanganya kwa ajili yangu. Nimeiposti kabla ya hii, nisije nikabadili nia. Siwezi kumtembeza binti yangu nikiwa nimekanyaga mgongo wako.

Usinitetee kwake. Atakavyoamua ni sawa. Likizo nimeshapewa, tiketi imekatwa. Sijui nakuja kama baba au kama mgeni. Ukisikia lolote, niandikie upesi, hata kama ni baya. Hasa kama ni baya.

Kumpare wako bado, ukinikubali,
Amado

*

Lipa
20 Agosti 1994

Kumpare Amado,

Hujambo? Mimi sijambo. Ni mara ya kwanza maishani mwangu sina maneno mengi.

Umefanya vizuri na umenikasirisha, yote mawili. Nilikuwa nimeupata uongo wangu mmoja wenye faida, ukauvunja. Lakini ningekuwa na mguu mzuri ningekuja huko kwa miguu nikukumbatie.

Likizo usiifute. Njoo. Utafikia kwangu, chumba cha mbele nimekifagia. Asubuhi ile ya harusi tutajua wapi pa kukaa.

Lualhati hajanisemesha. Nilipishana naye sokoni, akainamisha kichwa kwa heshima akapita. Macho yalikuwa yamevimba. Lakini uliniomba nikisikia lolote nikuandikie, na mimi sitakuficha tena kitu.

Ile barong yako, shati la sherehe la kuvaa ukimtembeza binti yako, uliyoiacha kabatini kwangu, Lualhati amemtuma Tibo kuichukua. Tibo alisimama mlangoni hawezi kuniangalia, nikamsaidia kuivaa. Imempwaya mabegani, mikono inamfika vidoleni. Wewe ni mkubwa kuliko yeye, kumpare. Ka Ising ameketi hapa karibu na dirisha, anaipunguza.

Kumpare wako,
Densyo