Lodi wa Penseli

Mulembe, Mama,

Baridi ya Julai hapa Loresho si mchezo. Nilizunguka hadi mlango wa jikoni, kama ulivyoniagiza, lakini Shangazi, yule dada mzungu wa marehemu Baba, akanifokea: "Simiyu, nyumba hii ina mlango wa mbele!" Akanipa uji wa chumvi, sawasawa na ule ambao ulisema Baba alikuwa akiudai kule shambani kwake Kitale.

Kisha akatandaza mezani karatasi kubwa ya ukoo wao. Juu kabisa yuko lodi, yaani bwana mkubwa wa Uskoti mwenye ngome, ameandikwa kwa penseli. Nikauliza kwa nini. "Huyo bado namtafutia ushahidi. Wino ni wa watu wenye hakika."

Nikaliona jina la Baba, na pembeni yake patupu. Shangazi akaniuliza jina lako, akafungua kalamu ya wino, akaliandika taratibu, na langu chini yake.

Jifunike vizuri, Mama, na uji wako utie sukari upendavyo. Wale waliokucheka sokoni kwamba ukoo wa Baba haukutambui, waambie hivi: lodi anaweza kufutwa kesho, lakini Nekesa hafutiki.

Mwanao,
Simiyu