Jiko la Bluu la Zaituni

Same,
Jumapili mchana.

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo umepoa tangu mlipomaliza kupalilia tangawizi ya kule bondeni. Mama naye mpe shikamoo yake, umwambie dawa ya macho aliyoniagiza nimeipata na Kelvin wa pikipiki atampandishia pamoja na barua hii. Mimi huku sijambo kabisa. Nimenenepa hata, na sababu yake utaisoma humu humu.

Najua utashangaa kuletewa karatasi na mtu mwenye simu mfukoni. Nilikupigia mara mbili. Mara ya kwanza mtandao ulikatika. Mara ya pili haukukatika, nikakatika mimi. Nikakuuliza habari za mvua, nikaaga. Kwa hiyo nimekaa chini niandike, maana kwenye karatasi siwezi kukimbilia mvua.

Tangawizi uliyonitumia ilifika Jumanne, na salamu zako zilifika pamoja nayo. Kelvin alinieleza yote: kwamba mchungaji alinitaja kanisani, akasema binti wa Hezroni alisimama mbele za watu akakiri kosa lake bila kulazimishwa, na usharika mzima ukapiga makofi. Kelvin akasema nawe ulisimama, mtu usiyesimama ovyo. Baba, habari hiyo ilikufikia nusu. Naomba nikupe nzima, na nianzie mbali kidogo ili ieleweke vizuri.

Kama unavyojua, mafunzo yangu ya vitendo nimepangiwa Makanya, kwenye karakana ya machimbo ya jasi. Asubuhi gari la kazi linatuchukua hapa Same, jioni linaturudisha. Mkuu wangu ni Injinia Anderson, mtu wa maneno machache na jicho kali. Wiki ya kwanza alinipa ufagio. Wiki ya pili alinipa spana. Ya nne akaniachia mashine ya kuchomelea vyuma peke yangu, akaenda kunywa chai. Kazi naiweza, Baba. Nikiona mashine imefunguliwa naona kwa nini imekataa kabla hawajaniambia, na wale mafundi waliokuwa wakiniita “mtoto wa chuo” siku hizi wananiita Leti, wananiuliza.

Hiyo ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Jumamosi ni siku yangu ya kula. Uliwahi kuniambia kwamba anayekula barabarani ni asiye na mama nyumbani, nami nilinyamaza kwa heshima, lakini sikukubali. Mama yangu ninaye, na makande yake hayana mfano. Ila nchi hii ina mama wengi, na kila mmoja ana mkono wake. Nimepanda pikipiki mpaka ziwa Jipe kwa ajili ya samaki perege wa kukaanga tu, aliyekauka hadi mapezi yakawa kama bisi. Nimeshuka Ndungu kula wali wa mchele mpya. Pale Makanya barabarani nimesimama na madereva wa malori tukala mbuzi wa kuchoma kwenye kipande cha boksi, chumvi pembeni. Ninakokwenda nabeba daftari langu la miraba. Wenzangu hupiga picha chakula. Mimi nachora jiko. Nachora limekaaje, moshi unatokea wapi, mpishi anainama kiasi gani. Nina majiko thelathini na moja mle ndani.

Hivyo ndivyo nilivyomjua Zaituni. Ni mwenyeji wa Handeni, alikuja huku akiwa msichana kukata mkonge, na mashamba yalipopunguza watu akabaki Same akaanza kukaanga mihogo karibu na stendi. Mihogo yake inapasuka katikati kama inacheka, na pilipili yake anaitwanga na ndimu. Tangu Jumamosi ya kwanza hakunitendea kama mteja. Alinipa kigoda, akaniuliza ukoo wangu, akaniambia vidole vyangu vina grisi niende nikanawe. Lakini mgongo wake uliniuma mimi niliyekuwa nautazama. Miaka kumi na tatu anainamia jiko la chini, macho mekundu kwa moshi.

Nikamwambia nitamtengenezea jiko. Akacheka, akasema wasichana wa chuo wana ahadi nyingi kuliko nywele. Nikachora. Jiko la mkaa, limezungushiwa udongo ndani ili joto lisitoroke, mlango wa majivu upande wa chini, na miguu mitatu mirefu ya chuma ili asimame wima kama mtu. Injinia Anderson aliniruhusu kutumia mabaki ya vyuma baada ya saa za kazi. Nilimpelekea Zaituni Jumamosi, limepakwa rangi ya bluu. Alilizunguka mara mbili, kisha akaweka karai juu yake, akasimama mbele yake na mikono kiunoni, akaita majirani: “Njooni mnione nilivyo mrefu!” Siku ile nilikula mihogo yake nikajiona mhandisi kamili.

Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeketi pale pale kwenye kigoda. Karai limejaa mafuta yanayochemka. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu aliyevunja kijiti. Mguu mmoja wa jiko ulikunjika, na karai likaanza kuteleza upande aliposimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Zaituni alimsukuma yule mama kwa mikono miwili. Hakupata muda wa kujisukuma mwenyewe. Mafuta yalimmwagikia mguu wa kulia, toka kwenye kifundo mpaka vidoleni.

Sitakueleza sauti yake. Nilimmwagia maji ya ndoo, nikaita bajaji, tukaenda hospitali. Njiani, akiwa ameuma kanga yake kwa maumivu, alinishika mkono akaniambia: “Mimi nimejikwaa. Umesikia? Nimejikwaa mwenyewe. Wewe una chuo.”

Nami nikasikia, Baba. Nikasikia nikanyamaza. Siku tisa.

Katika siku hizo tisa wafanyabiashara wa pale walikaa wakazungumza. Mwenyekiti wao ni Jabiri, muuza sambusa, mtu mwadilifu tu anayeogopa moto karibu na abiria. Walisema Zaituni amekuwa mzembe, kwamba mpishi anayejikwaa kwenye jiko lake mwenyewe hafai kukaa mbele. Wakaamua akipona ahamie nyuma ya ukuta wa stendi, mahali ambapo abiria hafiki labda awe amepotea njia. Zaituni aliletewa uamuzi huo kitandani kwake. Alikubali.

Siku ya kumi walikutana tena kugawa ile nafasi yake. Niliomba ruhusa kazini nikaenda. Nilisimama nikasema Zaituni hakujikwaa. Nikasema jiko nilibuni mimi, nikalichomelea mimi, na mguu uliokunjika ni kazi ya mkono wangu, kwa hiyo kama kuna mtu wa kupelekwa nyuma ya ukuta ni mimi. Jabiri akasema hakuna mkono usiokosea, na kwamba ni wachache wa umri wangu wangekuja kusema. Wakamrudishia Zaituni nafasi yake. Watu wakapiga makofi. Kelvin alikuwa pale amepaki pikipiki yake akisubiri abiria, na hivyo ndivyo habari ilivyopanda huko nyumbani Mamba kabla yangu.

Sasa nakuja kwenye nusu ambayo Kelvin hakuijua, wala Jabiri, wala mchungaji.

Niliuona ufa, Baba.

Ilikuwa Ijumaa jioni, siku moja kabla sijampelekea Zaituni jiko lile. Nilikuwa nalainisha maungio kwa grenda, na kwenye shingo ya mguu wa tatu nikaona mstari mwembamba kama unywele. Nilijua ni nini. Nimefundishwa darasani, na Injinia Anderson alishanionyesha kwa kidole chake. Dawa yake ni moja: kukata pale, kusafisha, kuchomelea upya. Nusu saa ya kazi. Lakini gari la kazi lilikuwa linapiga honi, na nilikuwa nimeshamwahidi Zaituni Jumamosi, na zaidi ya hayo nilikuwa na hamu ya kusifiwa. Nikajiambia ni mkwaruzo wa juu tu. Nikachukua brashi nikapaka rangi. Kwa hiyo nilipouambia mkutano kwamba mkono wangu ulikosea, nilisema kweli iliyokatwa. Mkono haukukosea. Mkono uliona, ukafunika. Na nikapigiwa makofi kwa hilo.

Tangawizi yako ilipofika sikuweza kuitia hata kwenye chai. Jumatano nikaenda kwa Injinia Anderson nikamwambia. Hakunikaripia. Alifungua kitabu cha mafunzo yangu akaandika mistari minne mbele yangu, akanipa nisome, akauliza kama kuna neno la uongo. Nikasema hakuna. Chuo kitakisoma, na huenda nikarudia mafunzo haya mwakani na kuchelewa kuhitimu. Sikumwomba afute. Jioni ile ile nikaenda kwa Zaituni.

Alinisikiliza akiwa amenyoosha mguu wake wenye bandeji juu ya mto. Nilipomaliza aliusogeza mguu juu ya mto. Kisha akauliza swali moja: “Ulikuja ukala mihogo yangu ukijua?” Nikasema ndiyo. Akasema, “Mguu ningekusamehe leo. Hilo la kula, nipe muda.” Halafu akaniuliza jiko jipya linaisha lini. Nikamwambia limebaki kupimwa. Akasema, “Sawa, lete Jumamosi, lakini safari hii atakayekaanga kwanza ni wewe, na mimi nitakaa mbali nikutazame.”

Jiko jipya lina miguu minne, na imefungwa kwa vyuma vya kukingama. Tulilipakia viroba vitatu vya jasi, kila kimoja kilo hamsini, likalala navyo usiku mbili. Nimekagua kila ungio kwa lenzi, kisha Injinia Anderson akakagua, kisha mimi tena. Sijalipaka rangi. Atakayetaka kuona maungio ayaone.

Jana, Jumamosi, saa mbili asubuhi, niliwasha mkaa pale stendi. Nilivaa viatu vya ngozi na aproni ya karakana. Zaituni aliketi kwenye kigoda, hatua kama nane kutoka nilipo, fimbo yake magotini. Nilikaanga tangu hiyo saa mbili hadi karibu saa saba. Mafuta yalipoanza kuchemka nilitamani kurudi nyuma, sikufichi, lakini sikusogea. Jiko halikusogea pia. Wateja walikuja, wengine wakanicheka, wengine wakala. Mihogo ya kwanza ilikuwa mibichi ndani, ya pili ikawa kama kuni. Jabiri alinunua kipande akakiweka mfukoni kwa huruma.

Karibu na saa saba nilisikia fimbo ikigonga lami nyuma yangu. Zaituni alikuja taratibu mpaka pembeni yangu. Alilitikisa jiko kwa mkono, upande huu na upande ule, kwa nguvu zake zote. Kisha akaninyang'anya kijiko cha matundu. “Ondoka hapo,” akasema, “unanifukuzia wateja.” Akasimama wima mbele ya karai, akaweka mihogo. Sikuondoka mbali, nilibaki nikimenya, naye hakunikataza.

Basi, Baba, hiyo ndiyo nzima. Nakuomba umweleze mchungaji kama nilivyokueleza. Ukiona vigumu, nitapanda mwenyewe Jumapili ya mwisho wa mwezi niseme. Sikuandika ili unihurumie. Nitakuwa mhandisi, tena mzuri, hata nikichelewa mwaka. Nilitaka tu unijue kama nilivyo.

Msalimie Mama, na mdogo wangu Paskali mwambie asome hesabu, aache kuninukuu kwa wenzake. Wasalimie majirani na wanakikundi wote wa tangawizi. Mungu awalinde huko juu kwenye baridi.

Ni mimi binti yako,
Leticia Hezroni