Kiti cha Mbele cha Lori

Jumanne, baada ya magharibi.

Na bado naulizwa kwa nini nilikaa mbele! Mjukuu wangu Idi anajifunza udereva, na sheria inataka mwalimu wake akae ubavuni mwake. Juzi Kariakoo nilipanda lori lao, mwalimu akanipisha, akaenda kukaa nyuma juu ya magunia. Angeniweka mimi huko? Askari akamwandikia Idi kosa.

Leo kortini Idi kalikataa kosa. Hakimu akaniuliza, "Bibi, unajua kuendesha?"

"Sijui. Lakini akikosea namfinya."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Leseni ya Idi ya kujifunzia imezuiwa miezi mitatu.

Tulipotoka, mwalimu akashika usukani. Idi, macho mekundu, akanifungulia mlango wa mbele.

"Panda, bibi."

Akapanda nyuma kwenye magunia. Jinga lile! Nimelilia njia nzima.